Landrova Iliyofungwa kwa Ngozi

Jumatano, wiki ya pili ya Novemba. Mawingu yalikuwa yamelala upande wa mashariki tangu alfajiri, meusi chini na meupe juu. Upepo haukuwepo, na jasho lilimtoka hata mtu aliyekaa. Bariadi mvua haikunyesha siku ile. Nilitazama juu mara nyingi kuliko nilivyotazama injini, nikasahau kufunga kifuniko cha rediata, na gari likanguruma pale uani hadi mke wangu akaniita.

"Baba, hilo gari linatoa moshi kichwani."

"Ni mvuke."

"Haya, linatoa mvuke kichwani. Tunaenda au tunarudi?"

Tulikuwa tunaenda Lingeka, kule Meatu, kumchukua mama yake. Macho ya mama yalikuwa yameingia ukungu, kwanza la kushoto, halafu la kulia, hadi akawa anawatambua watu kwa vishindo vyao. Madaktari wa macho walikuwa wamefika hospitali ya Bariadi na wangefanya kazi hadi Ijumaa tu. Hawakuwa watu wa kuja kila mwaka. Asipofika kabla ya Ijumaa kuisha, angebaki na giza lake, na hakuna aliyejua kwa muda gani.

Lazima nieleze gari lilivyopatikana, na nitajitahidi nisijipendelee.

Kiwanda cha kuchambua pamba nilikokuwa nasaidia mafundi kilipunguza watu mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kuingia. Sisemi tulidhulumiwa. Tuliitwa mmoja mmoja, tukaelezwa kwamba fedha ya kutulipa haijapatikana, ila nyuma ya ghala kuna vitu: mabati, mizani mibovu, na landrova ambayo mti wa mgunga ulishaanza kuota katikati ya chesisi yake. Anayetaka kitu badala ya kusubiri achague. Wenzangu wengi walichagua mabati, wakaezeka nyumba zao. Mimi nilichagua landrova. Mpaka leo sijui kama nilitumia akili au tamaa.

Iliingia nyumbani ikivutwa na maksai, kama plau. Jirani yangu, fundi baiskeli, alisimama mlangoni kwake na pampu mkononi.

"Hongera, umeoa wa pili," akasema. "Ila huyu atakula kuliko mkubwa."

"Huyu mkubwa amesikia," mke wangu akajibu kutoka jikoni.

Niliifungua injini chini ya kihenge, ghala letu la nafaka, mahali penye kivuli kirefu. Nati na bolti niliziweka kwenye sufuria, na kwa muda mrefu uji wetu ulikuwa na harufu ya mafuta ya taa. Ndani ya chujio la hewa nilikuta panya wamezaa. Gasketi ndogo nilizikata kwa maboksi. Ile ya kichwa cha injini niliagiza Mwanza kwa dereva wa lori la pamba, na akaileta kweli, ingawa nilishaanza kumsema vibaya. Milango niliitoa. Mabati ya juu ya matairi niliyakata ili matairi makubwa yaingie. Bomba la moshi nililigeuza likapanda hadi usawa wa paa, ili gari likipita kwenye maji lisimeze maji. Nilitaka gari la kupita njia za ng'ombe. Lori la mnunuzi lilikuwa linaishia barabarani, na pamba ilikuwa inabaki huko ndani kwa watu, kwenye udongo mweusi. Mwenye gari la kuingia huko alikuwa na kazi.

Watu wa kwetu hupenda kusema nililifufua gari lile kwa ajili ya mama mkwe. Wanasema kwa nia njema. Nililianza kwa ajili ya pamba. Mama mkwe aliingia baadaye, na mtu akinisifu kwa hilo hadi leo najikuna tu shingo.

Kilichobaki mwisho ni springi ya nyuma, upande wa kushoto. Pleti yake kubwa ilikuwa imekatika, na bolti za kuishikilia kwenye ekseli zilikuwa zimeliwa na kutu hadi zikawa kama njiti. Mwanza springi zilikuwepo. Biashara ilishafunguliwa, maduka yalikuwa na vitu tulivyokuwa tunavisikia tu. Dereva wa lori aliniambia nisubiri arudi safari nyingine. Sikuweza. Nilikuwa nalala naamka, naenda kulitazama gari, narudi, kama mtu anayeuguza.

Wiki hiyo jirani alichinja ng'ombe aliyevunjika mguu. Kwetu mti wa nira ukipasuka, au mkono wa plau ukilegea, watu hawakimbilii kwa mchomeleaji. Wanakata ngozi mbichi kamba ndefu, wanaizungusha ikiwa bado na unyevu wake, wanaikaza kwa mguu na kuiacha juani. Inapokauka inajivuta yenyewe, inabana hadi mti unalia. Nimeona nira zilizofungwa hivyo zikidumu kuliko ng'ombe waliozivaa. Basi nikachukua kipande cha springi ya lori, nikakilaza juu ya pale palipokatika, nikazungusha ngozi mara nyingi, na kwenye ekseli nikafunga vilevile. Ilinuka. Mbwa wa mtaa mzima wakahamia chini ya gari, ikabidi nilizungushie miba. Ilipokauka niliigonga kwa nyundo ikaitika kama chuma.

"Sasa ni ng'ombe kabisa," jirani akasema. "Usilipitishe mnadani, watakudai kibali."

Nililipitisha juu ya matuta ya viazi, nikalipitisha juu ya kichuguu. Halikulegea. Wazee wafugaji walikuja, wakaigusa ile ngozi kwa ncha za fimbo, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nilisifiwa, nami nikakubali kusifiwa. Hakuna aliyesema, si mimi, si jirani, si wazee, kwamba ngozi ikilowa inarudi kuwa ngozi. Kila mtu kwetu anajua. Ukitaka kulainisha ngozi unailaza kwenye maji. Lakini kilikuwa kiangazi, na kiangazi mtu hufikiri kikiangazi.

Ndipo habari za madaktari zikatangazwa kanisani, na mke wangu akatuma ujumbe kwa mama yake. Jibu lilirudi na mtu wa baiskeli: hawezi kupanda gari la mkwe.

Wasio wa kwetu wanaweza kushangaa. Kwa desturi yetu mkwilima, yaani mume wa binti, hatazamani usoni na mama mkwe. Hawakai kiti kimoja, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anaiacha njia. Wengine, hasa waliookoka, walishaacha. Yeye hakuacha. Hata macho yalipokuwa hayaoni, akisikia sauti yangu alijifunika khanga. Mke wangu alimuuliza mama yake siku moja, "Mayu, unajifunika nini na wewe humuoni?"

Akajibu, "Yeye si ananiona?"

Basi niliing'oa benchi ya nyuma nikaigeuza itazame nyuma, na kati ya dereva na abiria nikatundika turubai kutoka paani hadi sakafuni. Nilituma ujumbe kwamba atasafiri ndani ya nyumba yake na mimi ndani ya yangu, ila nyumba zote mbili zitakuwa na magurudumu. Akakubali. Nilifurahi, halafu nikaanza kufikiri kwamba amekubali haraka mno kwa mtu aliyekataa vile, au pengine alikataa kwa sababu nyingine na sasa imemwishia. Sikumwambia mke wangu.

Kwenda kulikuwa kwepesi. Njia za ng'ombe zilikuwa ngumu kama saruji, na korongo kubwa tulilivuka mchanga ukiwa mkavu. Tulifika Lingeka jua likizama. Upande wa juu, mbali, radi ilikuwa inapiga bila sauti.

Alhamisi asubuhi mama aliletwa akishikwa mkono. Nilikuwa nimeshakaa kwenye usukani, uso mbele, kama ilivyotakiwa. Nilimsikia akipapasa kila kitu: benchi, bomba la kushikia, turubai.

"Mwambie mume wako," akamwambia binti yake, "pazia lina tundu."

Lilikuwa nalo, dogo, la panya. Mke wangu akaliziba kwa ncha ya khanga.

"Muulize mama yako ameketi vizuri?" nikasema.

"Anauliza umeketi vizuri."

"Mwambie nimeketi. Aendeshe kama amebeba mayai, siyo kama amebeba pamba."

Maneno yakawa yanakwenda hivyo, kila moja likisemwa mara mbili, na sisi watatu tungeweza kugusana kwa mkono. Mke wangu alichoka mapema. Kuna mahali mama aliuliza tumefika wapi, nami nikajibu, na mke wangu akasema tu, "Mmeshasikiana."

Tulipofika kwenye korongo kulikuwa na maji. Mvua ya kule juu ilikuwa imeshuka usiku. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, yakienda bila haraka. Nilivua viatu nikaingia kwanza mwenyewe kupima, yakafika magotini, chini kugumu. Nikarudi, nikaweka gia ya nguvu, nikaingia. Maji yaligonga sakafu. Bomba la moshi likatoa pumzi juu ya paa kama nilivyolikusudia, na tukatoka upande wa pili. Nilipiga usukani kwa furaha. Kama kuna wakati nilijiona fundi, ni ule.

Hatukwenda mbali. Kabla ya kufika Migato, kwenye udongo mweusi uliolowa, gari lilianza kuinama upande wa kushoto, taratibu, kama mtu anayetaka kulala kikao kikiendelea. Halafu tairi likasugua bodi na tukasimama. Nilishuka, nikalala tumboni. Ile ngozi ilikuwa imevimba, nyeupe, laini, imening'inia kama utumbo. Ekseli imeteleza nyuma. Kipande changu cha lori hakikuwepo tena, kimebaki majini.

Mke wangu aliinama akachungulia.

"Karibu na hapa ni kwa mjomba wangu," akasema. "Ana maksai."

"Niende mimi."

"Hawajakuzoea. Halafu hilo dude nani atalishikilia? Jeki yenyewe inazama."

Ni kweli ilikuwa inazama. Kila nikiipandisha, udongo ulikuwa unaimeza, na nilikuwa natafuta mawe mahali pasipo na mawe. "Na mayu?" nikauliza.

"Mayu yupo na gari," akasema, akapandisha khanga yake magotini, akaondoka.

Tukabaki. Mimi chini kwenye tope, mama juu yangu kwenye benchi, na hakuna mtu wa kupitisha neno. Nilifanya kazi kimyakimya ili asijue niko upande gani. Nilifikiria Ijumaa. Nilifikiria mabati ya wenzangu.

"Wewe gari," sauti ikasema juu. "Una nini?"

Nilidhani anaongea peke yake.

"Gari, nakuuliza. Mimi siongei na mtu."

Nikaelewa. "Gari," nikasema, "mwambie mayu springi imelegea. Ngozi imelowa."

Benchi ikalia juu yangu.

"Gari, nani alikufunga ngozi?"

"Gari, mwambie ni mimi."

"Huyo aliyekufunga ni mtoto wa mfugaji au ni mtoto wa karani?"

"Wa mfugaji."

"Hajawahi kuona ngozi ikilowa?"

"Ameona, gari. Mwambie ameona."

Akacheka. Sikuwahi kusikia kicheko chake kwa karibu. Kilikuwa cha msichana, kikanitisha. Halafu kikaisha.

"Gari," akasema tena, sasa taratibu, "wewe ulishafunguliwa ukarudishwa. Mimi naenda kufunguliwa. Nasikia jicho wanalichomoa, wanalisafisha, wanalirudisha. Kijiji cha pili kuna mama alienda, akarudi anashikwa mkono zaidi ya alivyoenda. Sasa hivi naona mwanga. Mlango naujua ulipo. Wakiniharibia mwanga huo, nina nini? Binti yangu nikimwambia atalia. Nakuambia wewe."

Kumbe ukwe haukuwa sababu yenyewe ya kukataa safari. Nililala pale, shavu kwenye tope. Maneno ya kumtuliza yalikuwa mdomoni: mayu usiogope, madaktari wale ni hodari. Lakini nilikuwa sijawahi kuwaona madaktari wale. Na muda ule nilikuwa nimelala chini ya kitu nilichokuwa na hakika nacho hadi asubuhi ile.

"Gari, mwambie mayu jicho hawalichomoi," nikasema. "Hilo muuguzi aliniambia mwenyewe. Mengine sijui. Wako waliopona, nimewaona sokoni wakichagua nyanya. Na huyo mama wa kijiji cha pili naye yupo, siwezi kusema hayupo. Mwambie mayu akitaka kurudi Lingeka, ng'ombe wakifika nitawageuza. Na nitasema ni gari limekataa."

Nilisubiri jibu, nikaanza kuyajutia maneno yangu. Mwanamume mwingine angemtia moyo. Mimi nilikuwa nimempa mlango wa kutokea, na mke wangu akijua, akijua kwamba mama yake alibaki kipofu kwa sababu mimi sikutaka kusema uongo mdogo, sijui ningeishi naye vipi. Nilitaka kuongeza neno la kumvuta upande wa Bariadi. Nilifungua mdomo mara kadhaa. Sikulipata neno ambalo lingekuwa la kweli.

Mjomba alifika na maksai wake na mnyororo wa plau begani, mke wangu nyuma yake, tope hadi mapajani.

"Mwadila, mkwilima," akanisalimia. "Umekuja kunilimia bila kuomba shamba?"

"Mwadila, mjomba. Limejilima lenyewe."

Alichungulia chini, akaona ngozi. Alikaa hivyo muda mrefu, mabega yakimtetemeka. Ni mtu mzuri, hakunicheka usoni. Tuliikata ile ngozi kwa panga, tukairudisha ekseli mahali pake kwa nguvu za watu wawili na kelele nyingi, tukaifunga kwa mnyororo, tukaukaza kwa bolti za plau lake. Plau lenyewe likabaki bila bolti, na mvua inakuja. Sikusahau hilo, na bolti nilimrudishia.

"Haya," mjomba akasema, akiwa ameshika nira. "Niwafunge upande gani?"

"Upande gani tena?" mke wangu akasema. "Mbele."

"Subiri," nikasema.

Mke wangu akanitazama kama mtu aliyegongwa na jeki. "Nisubiri nini? Kesho ni Ijumaa!"

Nilitazama turubai. Maksai walikuwa wanapumua. Mjomba akanitazama mimi, akamtazama mke wangu, akaanza kukagua kwato za ng'ombe zisizokuwa na tatizo.

"Mwambie mume wako," sauti ikasema nyuma ya pazia, "ng'ombe watazame Bariadi. Kama ni kurudi, ningeshashuka nikarudi kwa miguu yangu."

Ng'ombe wakatazama Bariadi. Walituvuta hadi kwenye ardhi ya mchanga, na kutoka pale gari lilikwenda lenyewe, mnyororo ukigonga kila shimo, polepole kiasi kwamba tulilala njiani kwa watu na kuingia hospitali Ijumaa jua likiwa kichwani. Muuguzi alisema wanamaliza. Mke wangu akasema hawajamaliza, mgonjwa huyu hapa. Sikusikia waliyoendelea kusemezana, ila mama aliingizwa, wa mwisho.

Walimfanyia jicho la kulia. La kushoto daktari alilimulika kwa muda mrefu, akasema limechelewa. Mke wangu akauliza limechelewa kwa kiasi gani, kama angeletwa mwaka mmoja nyuma je? Daktari akasema hakuna anayeweza kujua. Nadhani alisema kweli. Lakini mwaka mmoja nyuma mimi nilikuwa chini ya kihenge nakata gasketi, na basi la Mwanza, kwenye hospitali kubwa, lilikuwa linatoka Meatu kila siku ya mnada.

Jumamosi bandeji ilitolewa. Nilikuwa nje, mahali panaponihusu. Mke wangu alitoka akilia na kucheka, akasema mama ameona dirisha, halafu shuka, halafu akamtazama yeye muda mrefu na kumwambia, "Umekonda, hawakulishi?"

Tulimleta mama nyumbani kwetu, na jirani akaja kutusalimia. Akasema kama si gari langu mama asingefika. Mke wangu akasema kama si gari langu mama angefika zamani, kwa basi. Niliwasikiliza wote wawili. Mpaka leo, mtu akiniuliza, nampa maneno ya wote wawili, kwa sababu sijaona lililo la uongo. Nilitoka nikazunguka gari, nikagusa mnyororo, nikarudi ndani, nikatoka tena.

Jioni ile tulikula wali, kwa kuwa mama alitaka kuuchambua mchele mwenyewe. Alikaa na ungo mlangoni mwa jikoni hadi mwanga ukaisha, hakutaka kusaidiwa. Kitoweo kilikuwa nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, yaliyoungwa kwa karanga. Wao walikula jikoni, mimi na jirani tulikula uani. Mawe yalibaki kwenye wali. Jirani alilikuta la kwanza, akanitazama, akalitema kiganjani bila sauti, akaendelea kula.